Kitufe cha Okoa Hakikupita Kamati

Mmeniomba niandike kumbukumbu zangu za kazi kwa ajili ya tovuti ya kikundi, na mkanitumia vichwa vya kufuata: mafanikio, changamoto, ushauri kwa vijana. Asanteni. Vichwa hivyo nimeviweka kando. Vyeo vyangu havina hadithi, na mshahara wangu ulikuwa ule mnaoujua kwa sababu nanyi mnalipwa huo huo. Nitaandika juu ya kazi ambayo sikuajiriwa kuifanya lakini nimeifanya miaka mingi, yaani kuchagua mada za mikutano yetu ya kila mwezi. Tena nitaandika nikiwa na hasira, kwa sababu nimestaafu na hakuna tena mtu wa kuniandikia barua ya onyo.

Kwa wageni wa ukurasa huu, jina langu ni Mwende. Wengi huniita Madam, wale wa Dandora huniita mathe, yaani mama, na yote naitika. Nilikuwa fundi wa maabara ya kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi huku Eastlands. Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya kisigino na blauzi nyeupe, maana niliambiwa naenda kufanya kazi na kompyuta, nami nilidhani kompyuta ni kitu kisafi. Bwana Odipo, mkuu wa maabara, alinitazama kuanzia juu hadi chini, akanipa brashi ndogo ya kupaka rangi, bisibisi na kitambaa, akanielekeza stoo. Mle ndani kulikuwa na kompyuta kuukuu za msaada zilizopangwa mpaka darini.

"Anza na zile za mlangoni," akasema. "Ukikuta mende usipige kelele. Wao ndio wenyeji."

Blauzi ile niliishia kuifanya tambara la kupangusia vioo, na ilidumu kuliko baadhi ya kompyuta zenyewe. Odipo ndiye aliyenifundisha kazi, na alinifundisha kwa maneno machache sana. Neno lake kubwa lilikuwa "mikono mapajani." Mtu akikuita kwamba mashine yake imemsumbua, usimnyang'anye kipanya. Vuta kiti, keti nyuma yake kidogo, weka mikono mapajani, na umwambie afanye kazi yake kama kawaida. Utaona anapokwama. Ukishika kipanya wewe, utaona tu jinsi wewe unavyofanya, na hilo tayari unalijua. Mafundi wengi niliowaona baadaye, wenye vyeti vya kujaza ukuta, hawawezi kukaa na mikono mapajani hata kwa muda wa kikombe cha chai.

Chuo hakikuwa na uwezo wa kununua programu za kulipia leseni, na zile za kunakili kwa wizi zilikuja na virusi. Kwa hiyo Odipo alituwekea programu ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua aone zilivyoshonwa, na kuzirekebisha. Watu wa mtaa walisikia, wakaanza kuja siku za Jumamosi, na hivyo ndivyo kikundi chetu kilivyozaliwa. Tangazo letu la kwanza lilisema "Programu za Bure." Balaa. Nusu ya waliokuja walitaka tuwajazie filamu kwenye flashi zao. Mama mmoja kutoka Dandora alisimama, akauliza kwa upole kabisa, "Kama ni ya bure, imeharibika wapi?" Wala hakukosea, maana kwetu kitu cha bure ni kile kisicholipiwa, na pia ni kile kisicho na maana. Tukabadilisha tukaandika "programu huria," wakaja watu kuuliza karo ni ngapi, wakidhani ni chuo kikuu huria. Odipo alisema tuache matangazo tupike chai.

Sasa kuhusu mada. Katika siku zile hakukuwa na kura wala alama. Kabla ya mkutano kufungwa, Odipo alisimama mbele na kuuliza swali moja tu: "Nani amekwama?" Aliyekwama aliinua mkono akaeleza. Tukiona wengi wanatikisa vichwa kukubali, hiyo ndiyo mada ya mwezi unaofuata, na atakayeweza kumkwamua mwenzake ndiye mzungumzaji. Kama hakuna aliyekwama, tulikunywa chai tukaenda nyumbani. Tulikuwa na mada ya katibu wa kanisa ambaye nyimbo zake zilichapwa kama visanduku vitupu. Tulikuwa na mada ya mchonga vinyago aliyetaka picha za kazi yake zijipange zenyewe. Na mada iliyojaza ukumbi hadi watu wakasimama madirishani ilihusu kompyuta ya bucha moja pale Soko la Burma iliyozimika kila adhuhuri. Tulitafuta virusi mpaka tukachoka, kumbe adhuhuri ndiyo saa ya kuwasha msumeno wa kukatia mifupa, na vyote viwili vilikuwa kwenye soketi moja. Hiyo ilikuwa mada, jamani. Watu walirudi nyumbani wakakagua soketi zao.

Odipo alipostaafu akarudi kwao Siaya, aliniachia swali lake, nami nikaliuliza kila mwezi kwa miaka. Halafu ikaja kamati. Mwenyekiti wake ni Brayo, mnamjua, na sitaki mtu aseme ninamsengenya kwa sababu atayasoma haya. Brayo ni kijana hodari. Mara ya kwanza alikuja kwetu na tarakilishi ya kubeba isiyowaka, akiwa karibu kulia, nikaketi nyuma yake na mikono mapajani hadi ikawaka. Lakini alipopata kiti alisema kikundi lazima kikue, na ili kikue kinahitaji mfadhili, na mfadhili anataka mada zenye mvuto. Basi mada zikaanza kupewa alama. Alama za mvuto, alama za upya, alama za kupendeza kwenye mitandao. Tukawa tunazungumza juu ya mawingu, sarafu zisizoshikika na akili mnemba, na wale waliokuja na printa chini ya kwapa wakaacha kuja mmoja mmoja. Baadaye nikasikia kamati ikisema watu wa mtaa hawana hamu ya teknolojia. Nilimeza mate nikanyamaza. Kwa hili ninalotaka kuwaambia sasa sikunyamaza.

Bi Rukia alikuwa karani wa zamu ya mchana katika zahanati moja ndogo ya jamii karibu na Majengo. Amezaliwa Majengo, Kiswahili chake ni kile kilichonyooka ambacho sisi wengine tunakisikia redioni. Kazi yake ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta kadi za watoto wanaokuja kuchanjwa, na ufunguo wa friji ya chanjo mchana ulikaa kwake. Programu ile ya kadi ilikuwa ya huria, tuliyoiweka sisi kikundi, na Rukia aliitumia kwa Kiswahili. Karani wa asubuhi aliitumia kwa Kiingereza.

Kisha akina mama wakaanza kurudi na watoto kwa sindano ya pili, na zahanati ikawatafuta kwenye kompyuta isiwaone. Watoto wa asubuhi walikuwepo wote. Watoto wa mchana, wa wiki kadhaa, hawakuwemo. Msimamizi wa zahanati akapiga hesabu yake: chanjo zimetoka kwenye friji, watoto hawamo kwenye kompyuta, kwa hiyo chanjo zimeuzwa. Akina mama walionyesha vitabu vyao vya kliniki vilivyoandikwa sindano, msimamizi akasema vitabu hivyo viliandikwa na Rukia huyo huyo. Akamwita kwenye kikao cha nidhamu siku ya Jumatatu iliyofuata. Na Majengo si mahali neno linakaa ndani ya ofisi. Kufikia jioni, Rukia alikuwa yule mwanamke anayeuza chanjo za watoto.

Aliniita mimi kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha programu ile. Nilikwenda, nikavuta kiti, nikaketi nyuma yake, nikaweka mikono mapajani.

"Niandikie mtoto mmoja," nikamwambia. "Wa uongo. Fanya kama kawaida."

Akaandika jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, sindano. Mkono mwepesi, hakuna kosa hata moja. Akafunga kadi. Pakatokea kisanduku kikiuliza: "Je, ungependa kuokoa?" Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Rukia, bila hata kusita, akabonyeza Hapana.



"Bi Rukia, mbona Hapana?"

Akanigeukia kama mtu aliyeulizwa kwa nini amefunga mlango. "Si inaniuliza niokoe? Mimi laini ya ofisi siigusi, dadangu. Dereva wetu aliokoa kwa laini ya ofisi, akaitwa mbele ya watu wote."

Kwa msomaji ambaye si wa hapa: kwetu ukiishiwa na salio la simu, unaokoa. Kampuni inakukopesha, na siku ukiweka salio inakata deni lake kwanza. Mtoto mdogo anajua neno hilo. Na kompyuta ya zahanati ilipata mtandao kwa modemu iliyochomekwa ubavuni, ndani yake mna laini ya simu, laini ya ofisi. Zamani kisanduku kile kilisema "kuhifadhi," na Rukia alibonyeza Ndiyo maisha yake yote. Kisha programu ikajisasisha yenyewe kupitia mtandao, ikaja na tafsiri mpya, na mfasiri, popote alipokuwa, akaona "okoa" ni neno zuri.

"Lakini kuokoa pia ni kumtoa mtu hatarini," nikasema, nikijaribu tu.

"Hiyo naijua. Lakini kadi ya mtoto itaokolewa na nini? Kwani imezama?"

Nilicheka. Nilicheka hadi machozi, naye akacheka kwa sababu mimi nacheka, halafu nikamweleza, naye akaacha kucheka.  "Wote?" akauliza. "Wote niliwabonyezea Hapana?" Hapo ndipo damu iliponichemka, na haijapoa mpaka leo.

Nilikwenda kwa msimamizi pale pale. Nikamwonyesha. Yeye akakunja mikono. "Madam, mtu akishikwa husema chochote. Mbona mwenzake wa asubuhi hakupotezwa na hicho kitufe?" Nikamwambia mwenzake anatumia Kiingereza. "Wewe ni rafiki yake," akasema. "Kikundi chenu ndicho kilichotuletea programu hii. Kikiniandikia kwamba kosa ni la programu, kikagonga muhuri, nitasikiliza. Ije kabla ya Jumatatu."

Sawa. Mkutano wetu ulikuwa Jumamosi, siku mbili kabla ya kikao. Lakini sheria yetu, ambayo nilisaidia kuiandika, inasema kikundi hutoa barua juu ya jambo lililojadiliwa mkutanoni kama mada. Kwa hiyo nilichohitaji ni kitu kimoja, kitufe cha Okoa kiwe mada ya Jumamosi. Tungekitupa ukutani kwa projekta, wanachama wakione, waulizane, tuandike barua, tugonge muhuri, na yule mama abaki na kazi yake na jina lake.

Kamati ilikutana Ijumaa pale Burma, maana siku hizi mada huchaguliwa juu ya nyama choma. Nikaeleza yote, polepole, kama ninavyowaeleza ninyi. Brayo alisikiliza akiwa ameshika mfupa.

"Madam, kwa heshima," akasema, "hiyo si mada. Hiyo ni shida ya mtumiaji."

"Na mada ni shida ya nani, Brayo? Ya malaika?"

"Mfadhili analeta mzungumzaji wake kesho. Ni mambo ya akili mnemba inayojua lugha zetu. Wasee wengi wameshajiandikisha. Kitufe hakibambi, madam, hakina mvuto."

"Hakimbambi nani?"

"Watu."

"Rukia ni mtu."

Kijana mwingine wa kamati, aliyetaka tupatane, akasema tunaweza kukiweka Desemba, katika zile mada fupi za kufunga mwaka. "Hata ni ya dakika tano tu," akaongeza. Nikamwambia kikao ni Jumatatu. Akasema anaelewa. Sipendi mtu anaponiambia anaelewa huku akichovya ugali. Wakapiga kura, kitufe kikapata alama za chini kuliko mada zote, chini hata ya ile ya jinsi ya kubandika vibandiko kwenye tarakilishi. Mimi si mtu wa kuacha nyama, lakini siku ile niliinuka nikaiacha pale mezani.

Jumamosi nilikuja na Rukia. Alivaa buibui lake la kwendea harusini, kwa sababu alidhani wataalamu ni watu wa kuvaliwa, akaketi safu ya nyuma na mkoba magotini. Ukumbi wa mtaa ulijaa. Mzungumzaji wa mfadhili alikuwa kijana mpole, sina ugomvi naye. Alituonyesha mashine yake ikitafsiri. Unaiandikia sentensi ya Kiingereza, nayo inasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwanamke aliyeshiba. Akaiandikia sentensi ya kumkumbusha mfanyakazi ahifadhi kazi yake. Mashine ikasema, ukumbi mzima ukisikia, "Tafadhali okoa kazi yako kabla ya kuondoka."

Kutoka nyuma sauti ya kijana mmoja ikauliza, "Okoa ya shilingi ngapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Watu walipigana mabega. Yule kijana wa mfadhili alitabasamu bila kujua kinachochekwa, akataka kuendelea. Nilimtazama Brayo, naye alikuwa akicheka pia. Mtoto wa mtaa wa Umoja, anaokoa kila mwisho wa mwezi, angekosaje kuelewa? Alielewa vizuri kabisa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika habari hii yote.

Nikasimama. Sikuomba nafasi. Nikauliza kwa sauti niliyoitumia miaka yote ile, "Nani amekwama?"

Vijana wakageuka kunitazama kama nimepandwa na kitu. Lakini wazee wa kikundi, yule wa bucha, yule katibu wa kanisa, walinyamaza mara moja kwa sababu walilijua swali. Na kule nyuma Rukia akainua mkono.

"Madam, maswali ni baadaye," Brayo akasema kwenye kipaza sauti. "Ratiba imebana."

Baadaye ilipofika ilikuwa na picha za pamoja na soda za mfadhili. Sisi tuliolijua swali tulijikusanya dirishani na Rukia. Nikawaonyesha kisanduku kwenye tarakilishi yangu, wakaona, hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili. Yule wa bucha alisema hata yeye asingebonyeza Ndiyo kwenye laini isiyo yake. Tukaandika barua pale pale, ya Kiswahili kinachoeleweka, tukaichapa kwa printa ya ukumbi, tukatia sahihi. Kilichobaki ni muhuri, na muhuri ulikuwa ndani ya mkoba wa Brayo.

"Siwezi, madam," akaniambia kwa sauti ya chini, akimtupia jicho mfadhili. "Haikuwa mada. Lilikuwa swali kutoka ukumbini. Nikigonga hii, kesho kila mtu ataleta karatasi yake nigonge."

"Ugonge basi. Muhuri unaisha?"

"Ni utaratibu, madam. Wewe mwenyewe uliuandika."

Ala! Kijana niliyemkwamua mimi, ananisomea sheria yangu. Nilimwambia maneno ambayo tovuti hii haitayachapisha, na siyajutii.

Jumatatu nilikwenda na Rukia kwenye kikao. Msimamizi aliisoma barua, kweli aliisoma yote, kisha akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. "Muhuri uko wapi?" Nikaanza kueleza. Akaniinulia kiganja. "Hii ni barua ya marafiki." Rukia hakubishana. Alitoa ufunguo wa friji mkobani, akauweka juu ya meza, akavua kitambulisho cha kazi shingoni, akakiweka kando ya ufunguo. Tulipofika nje mimi ndiye niliyekuwa nalia. Yeye aliniambia, "Njoo nyumbani unywe chai, utaumwa na kichwa."

Usiku huo huo, kwa sababu sikupata usingizi, niliwaandikia watafsiri wa programu. Kesho yake nikajibiwa na mtu ambaye sijawahi kumwona, wa Tanzania. Akaniandikia, "Huku kwetu okoa haina maana hiyo kabisa. Pole sana dada, na mpe pole huyo mama." Akabadilisha neno likarudi kuwa "kuhifadhi," na sasisho lililofuata likalifikisha kila mahali, pamoja na ile kompyuta ya zahanati. Mtu wa mbali asiyenijua alinisikiliza kwa siku moja. Kamati ninayokula nayo nyama ilishindwa.

Sasa sikilizeni hili, ndipo mjue kwa nini ninaandika. Mwisho wa mwaka kamati ilisoma taarifa yake kwa mfadhili. Miongoni mwa mafanikio, Brayo akasoma kwamba kikundi chetu kimechangia Kiswahili cha kompyuta duniani kwa kurekebisha neno "okoa." Watu wakapiga makofi. Mfadhili akaandika kitu kwenye simu yake. Jina la Rukia halikutajwa, wala zahanati, wala kwamba mada hiyo ilitupwa nje kwa kura. Neno lilipata haki yake na makofi juu. Rukia alikuwa Majengo akikaanga mahamri ya kuuza, na baadhi ya majirani walikuwa wakivuka upande wa pili wa njia wasinunue kwa mwanamke aliyeuza chanjo za watoto.

Nilipostaafu mlinifanyia sherehe, na nawashukuru kwa keki na kwa saa ya mkononi, ni nzuri, inakwenda vizuri. Brayo akachukua kipaza sauti akanisifu sana, akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka nikateleza. Akamaliza kwa kusema, "Madam achague mada moja ya mwaka ujao, yoyote, itapita bila kura."

"Mada yangu iko tayari," nikasema. "Leta muhuri."

Nilikuwa na ile barua mkobani, nakala mbili, zenye sahihi zile zile za dirishani. Niliziweka kwenye meza kando ya keki.  Brayo, na kwa hili nampa sifa yake, akafungua mkoba wake, akatoa muhuri, akagonga nakala zote mbili. 

"Nilidhani ni kitu kidogo, madam," akasema.

"Kilikuwa kidogo. Kingekuchukua dakika tano."

Nakala ya kwanza niliipeleka zahanati. Waliipokea dirishani, wakaigonga muhuri wao wa kupokea, na tangu siku hiyo sijasikia neno. Kila nikipita huuliza, na kila nikiuliza msimamizi yuko kwenye mkutano. Nitaendelea kuuliza. Sina kazi nyingine siku hizi.

Nakala ya pili niliipeleka Majengo. Rukia alikuwa mbele ya karai lake, mafuta yanachemka. Akapangusa mikono, akaisoma akiwa amesimama, mdomo ukitembea.  Aliingia ndani akatoka na gundi ya karatasi, akaibandika barua kwenye ubao ulio juu ya karai, pale wanunuzi wanaposimama kungoja, muhuri ukiwa nje watu wauone. Nami nikavuta kigoda, nikaketi nyuma yake kidogo, nikaweka mikono mapajani.

Walikuja wanawake wawili kununua. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, akaanza kuisoma kwa sauti ili mwenzake asikie, kitufe, laini ya ofisi, okoa, Hapana. Akafika mwisho, akagusa muhuri kwa kidole.

"Kumbe ni hivyo?" akasema. "Haki hata mimi ningebonyeza Hapana. Laini ya ofisi?"

 Ng'ambo ya njia alikuwa amesimama mama mwingine aliyesikia yote. Rukia aliniambia baadaye kwamba huyo walisoma naye madrasa moja, na hakuwa amenunua kwake hata siku moja. Akavuka pole pole, akasoma mwenyewe kuanzia juu, kisha akasema bila kumtazama Rukia usoni, "Nifungie ya watoto."

Rukia akamfungia, akamwongezea moja. Nikaitazama saa yenu ya zawadi. Tangu barua ibandikwe, dakika tano zilikuwa hazijaisha.